Mbio Nilizokimbia Chumbani

Sifa namrudishia Mungu, mwenye pumzi zote, anayemgawia kila kiumbe kwa kipimo chake na asiyemsahau aliyefungiwa mlango. Yeye ndiye aliyeniacha hai mpaka nikaandika haya. Ninamwandikia mtu aliyeambiwa jana au juzi kwamba ana kifua kikuu, ambaye sasa amekaa peke yake chumbani akiwasikia wenzake wanakula upande wa pili wa ukuta. Mambo ya dawa na vijidudu waulize madaktari. Mimi nitasema yaliyonipata.

Mimi ni mama wa miaka sitini na kidogo, mzaliwa wa Fizi, Kongo. Kiswahili changu nilikianza nyumbani nikakimalizia kambini Tanzania, mahali tulipoishi miaka mingi nikifundisha wanawake na watoto Neno la Mungu. Sasa tunaishi Garland, Texas, huku Marekani, mimi na mume wangu, Papa Riziki, katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya juu. Yeye hupakia mizigo kwenye ghala kule Mesquite. Mtoto aliyetubakia ni Riziki. Ameolewa Houston, mtaa wa Alief, mwendo wa karibu nusu siku kwa gari.

Kukimbia nilikuanza uzeeni. Daktari alinikuta na presha akaniambia nitembee, lakini huku hakuna anayetembea. Hata kanisa lililo ng'ambo ya barabara watu wanakwenda kwa gari. Nikapata njia moja inayofuata kijito nyuma ya shule, nikawa natembea hapo alfajiri. Miguu ikachoka kutembea, ikaanza kukimbia yenyewe. Nilivaa suruali ya michezo na juu yake kitenge, nisimkwaze mtu.

Papa Riziki hakupenda. "Sisi tumekimbia vya kutosha," aliniambia. "Toka Fizi mpaka ziwani, toka ziwani mpaka kambini. Sasa Mungu ametupa kiti na televisheni, na wewe uko unakimbia nini tena?"

Wamama wa kanisa ndio usiseme. Rafiki yangu Mama Chantal alipita na gari yake siku moja, akapunguza mwendo, akashusha kioo. "Maman, ni nani anakufukuza? Ingia tumkimbie pamoja."

Nilicheka nikaendelea. Sikujua namna ya kuwaeleza. Nilipokimbia vitani, masikio yangu yalikuwa nyuma muda wote. Kwenye njia ya kijito sikusikiliza kitu ila pumzi yangu mwenyewe. Mbio ndefu hazidai nguvu nyingi. Zinadai mtu akubali kwenda polepole na kuchoka bila hofu. Mwanzo mwili unalalamika kama mtoto anayeamshwa, kisha unanyamaza, na hapo ndipo nilipoweza kuomba vizuri kuliko nikiwa nimepiga magoti. Mwaka mmoja, mwezi wa Desemba, nilijiandikisha hata katika mbio za mjini Dallas. Nilifika watu wakiwa wameanza kukunja meza za maji. Wazungu wawili waliokuwa wamebaki walinipigia makofi kama niliyeshinda, nami nikawapungia mkono, maana kwa kweli nilijiona nimeshinda.

Kikohozi kilikuja masika. Huku Garland miti inapotoa chavua, magari yote yanageuka rangi ya njano na kila mtu anakohoa, kwa hiyo nikakohoa pamoja na wote. Nilikunywa tangawizi na asali. Chavua ikaisha, mvua za radi zikapita, wengine wakapona, mimi nikaendelea. Njia yangu ikaanza kufupika. Kwanza sikuweza kufika darajani, kisha nikawa naishia penye benchi, kisha penye geti la shule. Kitenge kilichonitosha kikawa kinanizunguka karibu mara mbili. Shuka nilikuwa naikamua asubuhi kwa jasho. Siku nilipokohoa njiani nikaona damu kwenye kiganja, nilirudi nyumbani nikitembea, na Papa Riziki akaiona. Alichukua funguo za gari.

Kliniki walinipa barakoa mlangoni. Ukumbi ulikuwa umejaa, kina mama wenye watoto, wazee wenye fimbo, na nilipokohoa vichwa vyote viligeuka. Dada wa mapokezi akaja akaniambia kwa upole nikangojee garini, wangenipigia simu. Tukangoja kwenye jua la Juni na injini inanguruma. Walipopiga, walinipitisha mlango wa nyuma, kando ya mapipa ya taka. Nilifundisha Neno miaka thelathini, nikaingia kwa daktari kwa mlango wa taka. Ninalisema ili wewe ukipitishwa hapo usidhani ni wewe peke yako.

Waliniambia ni kifua kikuu, kinapona, dawa ni miezi kadhaa. Lakini kwanza nikae nyumbani, chumba kimoja, asiingie mtu, mpaka makohozi yangu yapimwe mara tatu mfululizo na kuonekana safi. Wakampima Papa Riziki, wakampa vidonge vya kumkinga. Riziki, ambaye alikuwa na mimba ya kwanza na hakuwa ametutembelea tangu Krismasi, akapimwa kule Houston na kukutwa hana kitu. Kwa hilo nilimshukuru Mungu kwa machozi.

Hayo machozi yalikuwa ya rangi ya machungwa. Dawa moja inapaka rangi kila maji yanayotoka mwilini, na hakuna aliyenionya kuhusu macho. Nilidhani ninalia damu. Mto wangu wa kulalia una madoa mpaka leo.

Chumba kilikuwa na kitanda, kabati, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Dirisha lilikuwa wazi mchana kutwa kwa amri ya idara ya afya, joto la Texas linaingia kama limealikwa. Papa Riziki alilala sebuleni. Chakula alikiweka kwenye kigoda nje ya mlango, anabisha, anarudi nyuma, nami nafungua. Tulioana tukiwa vijana, hatukuwahi kutenganishwa hata na vita, na sasa tulitenganishwa na mlango wa mbao nyepesi. Tulizoea kusali yeye ameegemea upande wake na mimi upande wangu. Siku nyingine alichoka na kazi, akasinzia katikati ya sala, nikasikia anakoroma mlangoni. Sikumwamsha.

Mgonjwa kwetu haachwi peke yake. Watu wanakuja, wanakaa, hata kama hawana la kusema. Nilimwambia mchungaji ukweli wa ugonjwa wangu, kwa sababu nilijua nikificha watasema ni ule mwingine. Jumapili ile ile, baada ya ibada, nikasikia simu.

"Maman, tuko hapa chini," alisema Mama Chantal.

"Hamruhusiwi kuingia."

"Nani ameingia? Sisi tuko ndani ya magari. Chungulia."

Nikachungulia. Magari matano, milango wazi, wamama wamekaa na vitenge vyao vya Jumapili, viyoyozi vinapuliza parkingi nzima. Hawakufanya lolote. Walikaa tu, wakimenya karanga, wakiniimbia kidogo, wakigombana kuhusu nani ameharibu wali wa harusi fulani. Meneja wa nyumba akaja kuuliza kuna nini. Mama Chantal akamwambia kwa Kiingereza chake, "Tunamtembelea mgonjwa." Meneja akatazama juu, akaniona, akaondoka. Walikuja kila Jumapili majira yote ya joto.

Aliyekuja kila siku ya kazi ni Mutiso, muuguzi wa idara ya afya, Mkenya wa umri wa mkwe wangu. Kazi yake ilikuwa kunitazama nikimeza dawa, yeye amesimama kwenye mlango wa chumba na barakoa yake, na baadhi ya siku kunipa kikopo cha makohozi.

"Mama, umeamkaje? Hizi dawa zinakusumbua?"

"Zinanitapisha, mwanangu."

"Pole sana. Kula kitu kidogo kwanza, hata mkate. Na usinichukie, mimi natumwa tu."

Sikumchukia. Lakini kikopo kile kilinitesa. Mama mtu mzima, mwalimu wa Neno, hasimami mbele ya mwanaume wa umri wa mkwe wake akakoroga koo na kutema. Kwetu hata kupenga makamasi mbele ya mkwe ni aibu. Mutiso alinieleza siku ya kwanza namna ya kufanya, lakini nilikuwa na homa, na masikio yangu yalikuwa yamejaa aibu. Kwa hiyo nilimgeuzia mgongo, nikakohoa kidogo kwa adabu, nikatema taratibu, nikafunika kikopo na kumpa kwa mikono miwili kama ninayempa chai.

Cha kwanza kikarudi safi. Cha pili kikarudi safi. Nyumba ikajaa furaha, maana Riziki alikuwa amebakiza muda mfupi. Mwanamke anapozaa mtoto wa kwanza, mama yake ndiye anayekwenda kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji, kumwogesha mtoto. Mimi mama yangu alinikanda. Binti zangu wengine hawakufika umri wa kukandwa. Papa Riziki akaomba ruhusa kazini, akaleta sanduku, akaliweka karibu na mlango wangu. Riziki alipiga simu kila jioni.

"Mama, mama mkwe wangu anasema atakuja yeye. Nimemwambia hapana, mama yangu anakuja. Si unakuja?"

"Nakuja, mwanangu. Kimebaki kikopo kimoja."

Mutiso alikileta hicho kikopo akiwa mchangamfu. Alikiacha ili nikitumie asubuhi ya kesho yake, makohozi ya asubuhi ndiyo mazuri. Nilipokuwa nameza vidonge akaanza kunipigia hadithi, kama kawaida yake.

"Wacha nikwambie, kuna mzee mwingine huko Mesquite ananimaliza. Kila siku ananipatia mate. Namwambia, mzee, tunataka ile ya ndani kabisa, ile nzito, inavutika kama ute wa yai. Ananipatia maji."

"Na mtu akitoa maji, inakuwaje?"

"Maabara wanaona safi tu. Na yeye ndani bado ni mgonjwa. Halafu tunamfungulia, anaenda kukumbatia wajukuu." Akatikisa kichwa. "Hapo ndio huwa sipati usingizi."

Akaniaga. Mimi nikabaki nimekaa kitandani na kikopo mkononi. Nilijua vizuri nilichokuwa nikimpa. Hakikuwahi kuvutika.

Nilimwambia Papa Riziki kupitia mlangoni.

"Wao ndio madaktari," akasema. "Wakisema safi, ni safi. Wewe ni nani uwapinge?"

"Papa Riziki, kile kilikuwa mate."

"Umepata nguvu. Unakula. Hujakohoa usiku wa jana wote. Mimi nakusikia toka kwenye kochi, au unadhani nalala?"

"Na kama bado kipo?"

"Utavaa barakoa." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mama Riziki, mtoto ni mmoja tu huyu. Sitaki akandwe na mtu mwingine."

Naye alikuwa amesema kweli tupu. Nilisali, na sitakudanganya kwamba nilisikia sauti. Nilisikia kiyoyozi cha jirani. Nilifikiria kichanga, kifua kidogo kile, mapafu mapya ambayo hayajavuta hewa hata mara moja, na mimi nikikibusu.

Alfajiri nikasimama. Kitu kimoja wakimbiaji wanakijua: mbio zinapokaza, kifua kinafunguka na kutoa kila kilichojificha. Nilikuwa sijakimbia tangu siku ya damu. Nikasukuma kitanda kidogo, nikaanza kukimbia pale pale, kati ya kitanda na dirisha, miguu mitupu juu ya zulia. Magoti yalikuwa kama ya mtu mwingine. Muda mfupi tu ukuta ulianza kuzunguka, nikashika kabati, nikaendelea. Jirani wa chini akagonga dari yake kwa fagio. Nikaendelea. Papa Riziki akabisha, "Mama Riziki, nini hiyo?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Nilikimbia bila kwenda popote, dirisha lile lile mbele yangu, magari yale yale, na kwa mara ya kwanza tangu vitani nilihisi nakimbizwa.

Kikohozi kikaja kutoka mahali ambapo sijawahi kukohoa. Kilinikunja mpaka magoti yakagusa zulia. Mutiso alifika wakati huo huo, mapema ili awahi kikopo, Papa Riziki akamfungulia, na akanikuta nimeinama juu ya kikopo nikikoroma kama mnyama, kitenge kimelegea, makamasi yananitoka. Sikuweza kuacha, na sikujificha. Alichofanya sitakisahau: aligeuka akatazama ukutani, akasimama hivyo, mikono nyuma, mpaka nikamaliza.

Nilimpa kikopo. Kilikuwa kizito, cha kijani, na kilivutika.

"Vile vya mwanzo vilikuwa mate," nikamwambia. "Usivihesabu."

Akakitazama, akanitazama. "Mama, unajua nikiandika hivyo tunaanza mwanzo?"

"Andika."

"Na Houston?"

"Andika, mwanangu."

Majibu yalisema bado nina ugonjwa wa kuambukiza. Nilimpigia Riziki mwenyewe. Nilimweleza yote, mate, kikopo, jirani wa chini na fagio lake, nikidhani labda atacheka. Hakucheka.

"Walikuwa wameshasema umepona," akasema. "Ulikuwa unakuja. Mama, ungenyamaza tu."

"Riziki, mwanangu..."

"Sawa, Mama." Akakata simu. Hakupiga tena jioni ile, wala zilizofuata.

Alijifungua Agosti, kwa kupasuliwa. Papa Riziki alikwenda peke yake na lile sanduku. Mama Chantal akawa ananiwekea chakula kigodani na kukimbia kama mwizi. Nilimwona mtoto kwenye simu, wa kike, amefungwa vizuri. Nyuma yake niliona mikono ya mwanamke mwingine ikichanganya maji kwenye beseni, ikionja joto kwa kiwiko, kama ambavyo ningeonja mimi. Alikuwa anafanya vizuri. Nilitamani afanye vibaya kidogo. Siku hizo sikuimba, hata wamama walipoimba chini. Nililala nimegeukia ukuta, na kama kuna msomaji aliyelala hivyo leo, namwambia Mungu hakuniacha kwa sababu hiyo.

Kilichonitoa kitandani ni zile mbio. Kila alfajiri nikawa nakimbia pale pale, kwanza kwa ajili ya kikopo, baadaye kwa ajili yangu. Papa Riziki alishuka akamweleza jirani, mama wa Kimeksiko, kwa ishara na maneno machache, na siku iliyofuata tulikuta mfuko wa ndimu mlangoni. Fagio halikugonga tena. Mutiso akazoea kunikuta natoa jasho. "Leo umekimbia hadi wapi, Mama?" "Nimefika mjini Terrell." "Kesho jaribu Louisiana." Na kila nilipokohoa, yeye alitazama ukuta.

Joto likalegea. Vikopo vikarudi: safi, safi, na safi, vyote vya kifuani. Mutiso alipoleta habari alivua barakoa, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana pengo. Alikuwa na sura nzuri ya kawaida. Jumapili yake niliteremka ngazi nimeshika ukuta. Wamama walipiga vigelegele, meneja akatoka tena.

Dawa niliendelea nazo mpaka baridi, na kijitoni nilirudi baada ya barafu ya Januari kuyeyuka. Pafu moja linapiga mluzi, na darajani nafika kwa kutembea nusu ya njia. Papa Riziki hunisindikiza kwa gari mpaka geti la shule, anabaki humo akisikiliza mahubiri. Lakini hayo yalikuja baadaye. Ninachotaka kumalizia nacho ni siku ya Alief, kwa Riziki, mara tu nilipofunguliwa mlango.

Tulifika mchana. Riziki alikuwa amejibu ujumbe wetu kwa neno moja, karibuni. Mlango ulifunguliwa na mama mkwe wake, akanikumbatia, akasema kwa sauti ya chini, "Anakusubiri. Usimwulize kitu." Riziki alikuwa kwenye kochi na mtoto, amenenepa usoni, macho yamechoka. Nilisimama mbali. Nilikuwa nimeruhusiwa, barua ya daktari ilikuwa mkobani, lakini miguu ilikataa. Nilikuwa bado nimevaa barakoa, na mikono nimeiweka nyuma kama Mutiso.

"Mama, mbona umesimama huko?"

"Nakuona vizuri hapa."

Aliinuka polepole, mkono mmoja tumboni penye mshono. Akaja mpaka mbele yangu, akanitazama nilivyokonda. Hakuniomba msamaha, wala mimi sikumwomba. Akaishika barakoa yangu kwenye sikio moja, kisha la pili, akaivua mwenyewe, akaitia mfukoni mwake. Kisha akanipa mtoto.

Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyofikiria. Alifungua mdomo akapiga mwayo mkubwa, na pumzi yake ikanigusa kidevuni. Niliivuta.

"Mgongo unaniuma, Mama," Riziki akasema. "Hajui kukanda huyu mama. Anaogopa mshono."

Yule mama akacheka kutoka jikoni. "Nimesikia!"

Nikamwambia aweke maji motoni.

Wewe unayesoma haya ukiwa ndani ya chumba chako: Mungu akuwekee mtu mlangoni, hata akisinzia. Akupe ujasiri wa kutoa cha ndani, na mtu wa kukugeuzia uso kwa heshima unapokitoa. Akufungulie kifua, akufungulie mlango, na siku utakapotoka akukutanishe na mikono inayokungoja. Amina.